Hasira, Hasara na Sekunde Thelathini

Ndugu msomaji, bila shaka umekwisha kukutana na methali isemayo "Hasira, hasara". Sisi walimu hupenda kuifundisha mapema, kwa kuwa ni fupi, na kwa kuwa maneno yake mawili yanatenganishwa na irabu moja tu. Badili i iwe a, na hisia imegeuka kuwa deni. Wanafunzi huikariri, huitia katika insha zao, hupata alama, na mambo huishia hapo. Leo nakuomba tuichukue kama mwanauchumi angeichukua, yaani kama dai kuhusu gharama. Ikiwa hasira ni hasara kweli, na ikiwa watu wote wanalijua hilo tangu utotoni, kwa nini bado wanapigana?

Kwangu swali hilo halikutoka vitabuni. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari kaskazini mwa Uganda, katika eneo ambalo kwa takriban miaka 20 liliumizwa na vita kati ya jeshi la serikali na waasi wa Lord's Resistance Army. Wazazi wa wanafunzi wangu wengi waliishi miaka ya ujana wao katika kambi za wakimbizi wa ndani. Na lugha ninayoifundisha haikuwafikia kupitia vitabu vya hadithi. Kwa vizazi kadhaa Waganda wamekijua Kiswahili kama lugha ya jeshi na polisi, lugha ya kizuizi cha barabarani. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, hakukipunguzia sifa hiyo. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, nami nilifurahi. Lakini nikikutana na mzee na kumwambia somo ninalofundisha, mara nyingi hutabasamu kidogo, kisha hunitajia Kiswahili chake chote: Simama. Kaa chini. Toa. Lala. Maneno hayo yote ni amri. Shikilia jambo hilo la sarufi, msomaji, maana tutalihitaji mbele.

Wanauchumi wanaochunguza vita huanza na jambo ambalo wengi wetu hatulioni, nalo ni kwamba amani ndiyo kawaida. Christopher Blattman, Mkanada anayefundisha katika Chuo Kikuu cha Chicago na ambaye utafiti wake wa mwanzo aliufanya huku kwetu kaskazini, ameijenga hoja hiyo katika kitabu chake Why We Fight, kilichotoka mwaka 2022. Koo zinazochukiana ni nyingi kuliko koo zinazouana. Vijana wanaotukanana njiani ni wengi mno kuliko vijana wanaochomana visu. Hatuwahesabu, kwa kuwa watu waliochukiana wasipigane si habari ya kuandikwa gazetini. Nao hawapigani kwa sababu wanaijua hesabu: ugomvi huteketeza kile kile kinachogombewa. Ng'ombe wanaoporwa hufia njiani, ghala linalogombewa huungua, shamba hulala bila kulimwa. Karibu kila mara upo mgawanyo fulani, hata kama si wa haki, ambao ungewaachia wagomvi wote wawili zaidi ya kile watakachobaki nacho baada ya kupigana. Basi mwanauchumi haulizi kwa nini watu wanachukiana. Anauliza ni kitu gani kimewazuia wasiuone mgawanyo huo, au wauone wasiukubali.

Jibu mojawapo unalo tayari katika kamusi yako ya methali. "Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi." Darasani methali hii hufafanuliwa kama huruma kwa wanyonge, na ni sawa. Hata hivyo isome tena kwa jicho la mhasibu. Fahali wanapigana kwa muda mrefu hivyo kwa sababu gharama ya miguu yao inalipwa na nyasi. Kiongozi asiyepeleka mwanawe vitani, ambaye nyumba yake haimo katika njia ya risasi, anaiona vita kwa bei nafuu kuliko bei yake halisi. Zipe nyasi uwezo wa kumdai fahali, kwa kura, kwa mahakama, kwa bunge linalohoji matumizi ya fedha, na fahali ataanza kupima kabla ya kuinamisha pembe. Mimi huona kwamba hii ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kumfundisha kijana elimu ya uraia, na inanishangaza kwamba vitabu vyetu vya somo hilo huitaja kwa nadra.

Lakini methali ya fahali haitoshi kueleza kile ninachokiona mimi kila muhula, yaani vijana wawili wasio na mamlaka yoyote, ambao kila pigo watalilipa wao wenyewe, na bado wanapigana.

Kuna nadharia ya zamani kidogo inayojaribu. Gary Becker, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1992, alisimulia kwamba siku moja alikuwa amechelewa kwenda kumtahini mwanafunzi. Aegeshe gari mbali, mahali pa kulipia, au aliache barabarani kinyume cha sheria? Akapima ukubwa wa faini na uwezekano wa kukamatwa, akaliacha barabarani. Kutokana na fikra hiyo alichapisha mwaka 1968 makala yaliyobadili namna wasomi wanavyotazama uhalifu: mhalifu ni mtu anayepiga hesabu kama wengine, kwa hiyo ongeza adhabu, au ongeza uwezekano wa kukamatwa, naye atapunguza uhalifu. Nadharia hii ina ukweli wake, na serikali nyingi zinaifuata bila hata kujua jina la mwenyewe. Shule pia. Ukutani mwa ofisi yetu zimebandikwa kanuni, na ya nne inasema kwamba anayepigana atasimamishwa masomo kwa wiki mbili. Bei imeandikwa kwa wino mwekundu. Hakuna asiyeijua.

Muhula uliopita wavulana wawili wa kidato cha pili walipigana kwenye pampu ya maji kwa sababu ya zamu ya jerikeni. (Ukienda Tanzania, mwanafunzi, uliza dumu.) Mmoja alivunjika mkono, mwingine akasimamishwa. Siku iliyofuata nilikuwa na kipindi katika darasa lao. Sikuwahutubia. Niliandika ubaoni neno HASARA, nikawataka wataje kila kitu kilichopotea, kwa Kiswahili, sentensi kamili. Walianza polepole. Pesa za zahanati zimelipwa. Mama wa aliyevunjika mkono amekodi bodaboda kutoka kijijini na hakulima siku hiyo. Karo ya wiki mbili imelipwa bila masomo. Mwalimu wa zamu hakufundisha vipindi viwili. Jerikeni imepasuka. Msichana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi, akasema: "Maji yamemwagika, na sisi tuliokuwa nyuma ya foleni hatukupata." Ubao ulijaa. Nikawaonyesha kwamba jerikeni, ambayo ndiyo iliyogombewa, ilikuwa na thamani ndogo kuliko kila kitu kingine katika orodha. Kisha nikauliza: je, kuna kati ya wale wawili aliyeipiga hesabu hii kabla ya kurusha ngumi?

Walicheka. Mmoja akajibu, bila utani: "Mwalimu, hakukuwa na wakati."

Nimesoma makala mengi ya wataalamu kuhusu ghasia, na sijui kama kuna ufupisho bora kuliko huo. Becker alikuwa na dakika kadhaa ndani ya gari lake. Yule mvulana hakuwa nazo. Hapa ndipo wachumi walipolazimika kwenda kubisha hodi kwa wanasaikolojia, na hasa kwa Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2002. Kahneman aliifafanua akili ya binadamu kana kwamba ina mwendo wa aina mbili: mmoja wa haraka, usio na juhudi, unaotenda kabla hujajua kwamba umetenda, mwingine wa polepole, unaochoka, unaopiga hesabu. Usifikiri kwamba ule wa haraka ni wa kijinga. Bila huo ungegongwa na gari la kwanza. Kijana aliyelelewa mahali ambapo anayekubali kunyang'anywa kiatu leo atanyang'anywa na shati kesho, amejifunza kujibu haraka, na huko alikojifunzia jibu hilo ni sahihi. Tabu ni kwamba analibeba jibu lile lile mpaka kwenye foleni ya maji, mbele ya mtu ambaye labda hakuikusudia dharau yoyote.

Huko Chicago, Marekani, shirika liitwalo Youth Guidance huendesha shuleni mpango wa vijana wa kiume unaoitwa Becoming a Man. Ulianzishwa na mshauri wa vijana, Tony DiVittorio. Vijana hukutana kwa muda wa kipindi kimoja kila wiki, wakikaa duara. Zoezi la kwanza ni maarufu. Wanagawanywa wawili wawili. Mmoja anapewa mpira mdogo. Mwenzake anaambiwa: una sekunde 30, upate mpira ulio katika ngumi yake. Mara moja chumba kinageuka uwanja wa mieleka, vidole vinakunjwa, mikono inasokotwa, watu wanaanguka. Muda ukiisha, kiongozi anauliza swali moja: mbona hakuna aliyeomba? Vijana hujibu kwamba mwenzake asingempa, au angemwona mnyonge. Kiongozi anamgeukia mwenye mpira: angekuomba kwa adabu, ungefanyaje? Na jibu la kawaida ni kwamba ningempa tu, ni mpira, una faida gani?

Watafiti waliuchunguza mpango huo kwa kura: kati ya vijana waliostahili, wengine walipata nafasi kwa bahati nasibu na wengine hawakupata, ili makundi mawili yaweze kulinganishwa kwa haki. Katika majaribio mawili waliyoyachapisha mwaka 2017, vijana waliopata nafasi walikamatwa na polisi kwa idadi iliyopungua kwa asilimia 28 hadi 35 wakati mpango unaendelea, na kwa makosa ya kutumia nguvu kwa asilimia 45 hadi 50. Athari hiyo kwa ukamataji haikudumu sana baada ya mpango kwisha, na ni vema kulisema. Kilichonivutia zaidi ni jaribio dogo walilofanya pembeni. Waliwaweka vijana katika mchezo wa pesa ambamo mchezaji mwingine anaonekana kuwadhulumu, kisha wakapima muda ambao kijana anatumia kabla ya kuamua kama atalipiza. Waliopitia mpango walichukua muda uliozidi wa wenzao kwa karibu asilimia 80. Tofauti iliyoonekana ilikuwa katika mwendo wa uamuzi, na mpango haukuwa umewahubiria upole.

Basi nikalifanya zoezi hilo katika darasa langu, kwa mpira wa tenisi na mipira mingine ya matambara, kwa sharti moja la ziada: maneno yote yawe ya Kiswahili. Kulikuwa na jozi 12. Nikasema, "Anzeni." Madawati yaligongana. Wasichana walikuwa wakali kuliko wavulana, nami nilishukuru kwamba mwalimu mkuu alikuwa safarini. Kelele zilizosikika zilikuwa mbili tu: "Toa!" na "Nipe!" Jozi moja peke yake ilikaa kimya, kijana aliinama, akamnong'oneza mwenzake jambo, mpira ukakabidhiwa. Nilipouliza alisema nini, ikatokea kwamba alikuwa ameomba, lakini kwa Kilango.

Nikamuuliza kwa nini hakufuata sharti. Akanijibu: "Kwa Kiswahili najua kuamuru, mwalimu. Kuomba bado hatujafika."

Fungua kitabu chako cha sarufi, ndugu msomaji, uone kama huko kwako hali ni hiyo hiyo. Katika vitabu vingi vya wanaoanza, amri huja katika somo la pili au la tatu, kwa sababu ni rahisi: mzizi wa kitenzi peke yake watosha. Soma, andika, kaa. Namna ya kuomba huja baadaye sana, kwa kuwa inahitaji viambishi na kitenzi kinachoishia na e: naomba unipe, ningependa unisaidie, tafadhali usogee kidogo. Inahitaji pia kumjua unayesema naye, kama ni wa kumwita dada, kaka, mzee au mwenzangu. Amri ni fupi kwa mdomo na kwa akili. Ombi ni refu. Sisemi kwamba sarufi ndiyo iliyoleta vita. Ila nasema kwamba mtu mwenye sekunde chache hushika chombo kilicho karibu na mkono wake, na mwalimu wa lugha anaweza kusogeza chombo kingine karibu. Wiki ile tuliacha sura ya kitabu tuliyokuwa tumeifikia. Tukakaa siku tatu juu ya naomba, nikupishe, nikusubiri, tugawane, samahani nilidhani ni zamu yangu. Tuliyarudia kwa kasi mpaka yakatoka bila kufikiriwa, kama vile askari anavyorudiarudia kushika silaha.

Wakati tukiwa katika masomo hayo, mzazi mmoja aliyekuja kuulizia alama za bintiye aliniambia kwa heshima kwamba haya yote ni anasa. Vijana wanapigana kwa sababu hawana kitu, alisema. Wape kazi, watatulia. Ni hoja yenye nguvu, na hapa kwetu si ya kubahatisha, kwa maana ilikwisha kupimwa.

Mwaka 2008 serikali ya Uganda, kupitia mfuko uitwao NUSAF, ilitoa ruzuku kwa vikundi vya vijana wa kaskazini ili wajifunze ufundi na kununua vifaa: cherehani, mashine za kuchomelea vyuma, zana za useremala, vifaa vya saluni. Vikundi vilivyostahili na kuandikishwa katika utafiti vilikuwa 535, fedha hazikutosha wote, na kura ikaamua. Kwa wastani kila mwanakikundi alipata sawa na dola 382 za Marekani, kiasi kilichokaribia kipato chake cha mwaka mzima. Blattman na wenzake walirudi kuwatafuta baada ya miaka minne. Mapato ya waliopata ruzuku yalikuwa yamezidi ya wenzao kwa asilimia 38. Kwa nchi iliyozoea kusikia kwamba vijana wakipewa pesa watazinywa, hiyo ni habari ya kuandikwa kwa herufi kubwa, ingawa miaka tisa baadaye wale wasiopata walikuwa wamewafikia wenzao kwa kipato. Lakini serikali ilikuwa na tumaini jingine pia, kwamba kijana mwenye cherehani hatakuwa kijana wa fujo. Hapo watafiti hawakuona tofauti. Katika ugomvi, uchokozi na mienendo mingine ya namna hiyo, waliopata na wasiopata walifanana.

Isome kwa uangalifu habari hii. Haisemi kwamba umaskini ni jambo dogo. Wengi wa vijana hao hawakuwa wapiganaji tangu mwanzo. Walikuwa watu maskini wenye amani ambao walipata mtaji, wakawa na hali nafuu zaidi, na wakabaki na amani yao. Aliye mkali huenda hakuwa amejiunga na kikundi chochote cha ushonaji.

Kwa hiyo watafiti walikwenda kuwatafuta wakali. Monrovia, mji mkuu wa Liberia, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 2003, ilikuwa na vijana wengi walioishi kwa wizi, kwa kuuza dawa za kulevya na kwa vitisho. Baadhi yao walikuwa wamewahi kubeba bunduki. Raia mmoja wa huko, Klubosumo Johnson Borh, alikuwa akifanya kazi nao kupitia shirika dogo la wenyeji liitwalo NEPI. Blattman, Julian Jamison na Margaret Sheridan waliungana naye. Waliwapata wanaume 999 wenye umri wa miaka 18 hadi 35, na kura ikawagawa makundi manne: wengine walipata mafunzo ya wiki nane, wengine walipata dola 200 taslimu, wengine vyote viwili, wengine hawakupata kitu.

Mafunzo hayo yalitokana na tiba ya kisaikolojia inayofundisha mtu kuyatambua mawazo yake na kuubadili mwenendo wake kwa mazoezi. Vikundi vya watu wapatao 20 vilikutana mara tatu kwa wiki, vikiongozwa na watu ambao baadhi yao walikuwa wametoka katika maisha yale yale. Walijifunza kukaa na hasira bila kuitii, na kupanga ya kesho. Walipewa pia kazi za kufanya nje: kunyoa nywele, kuvaa vizuri, kisha kuingia dukani au benki, mahali ambapo walizoea kufukuzwa, na kuona wanavyopokewa. Fikiria moyo wa mtu anayesimama mlangoni mwa benki kwa mara ya kwanza akiwa hana nia ya kuiba.

Mwanzoni mafunzo peke yake yalipunguza uhalifu. Mwaka mmoja baadaye athari yake ilikuwa imefifia. Pesa peke yake haikupunguza uhalifu kwa namna ya kudumu, ingawa kinyume cha walivyotabiri wengi, wanaume hao hawakuifuja. Waliitumia kwa chakula, mavazi, malazi na biashara ndogondogo. Waliopata vyote viwili ndio waliobadilika na kubaki wamebadilika. Watafiti waliwarudia baada ya miaka 10, na hata wakati huo wizi, ugomvi na mienendo kama hiyo miongoni mwao ilikuwa pungufu kwa karibu nusu, hasa kwa wale waliokuwa wakali zaidi mwanzoni.

Ukiuliza dola 200 zilifanya nini, biashara nyingi zilizoanzishwa kwazo hazikudumu, pesa ilikwisha. Maelezo ya watafiti ni kwamba iliwapa miezi michache ya kuendelea kuwa mtu yule mpya: kuwa na shati safi, mahali pa kulala, meza ya kuuzia viatu, bila kulazimika kurudi usiku kule walikotoka. Mazoezi yalipata muda wa kukomaa kuwa tabia. Nilipoisoma sehemu hiyo nililikumbuka jibu la mwanafunzi wangu. Hakukuwa na wakati. Monrovia wakati ulinunuliwa.

Nimezungumza juu ya vijana tu, kana kwamba wakali shuleni ni wao peke yao. Tuingie ofisi ya walimu. Huko utasikia methali nyingine, "Mchelea mwana kulia, hulia yeye", na itasemwa na mtu aliyeshika kiboko. Sheria ya Uganda ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni mwaka 2016, lakini sheria, kama kanuni yetu ya nne, ni bei iliyoandikwa ukutani. Mwalimu mwenye wanafunzi 90, jua la saa nane, na mshahara uliochelewa, naye ana akili ya haraka. Naye hana wakati.

Shirika la Raising Voices la Kampala lilitengeneza mpango wa shule za msingi uitwao Good School Toolkit, na katika wilaya ya Luwero ukapimwa kwa kura katika shule 42. Hawakuwaambia walimu tu kwamba wasipige. Shule ilijiwekea malengo yake, walimu na wanafunzi wakakaa katika kamati, wakajadili nini kifanywe badala ya kiboko, na waliofanya vizuri wakasifiwa hadharani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Katika shule zisizo na mpango, takriban wanafunzi 49 kati ya kila 100 walisema wamepigwa au kuumizwa na mfanyakazi wa shule katika wiki moja iliyopita. Katika shule zenye mpango walikuwa 31. Bado ni wengi mno, na mimi siwezi kusherehekea namba ya 31. Lakini mwenzangu aliposema kwamba mwalimu wa Kiafrika hawezi kuacha fimbo kwa maana ndivyo tulivyolelewa, nilikuwa na jibu lililotoka kaskazini mwa Kampala, na walimu wale nao walikuwa wamelelewa vivyo hivyo.

Katika kikao cha walimu nilipendekeza kwamba kipindi kimoja cha Ijumaa kitolewe kwa mazoezi haya, muhula mzima, mkondo A kwanza na mkondo B muhula unaofuata, kura ikipigwa mbele ya wanafunzi wenyewe. Mwalimu mkuu aliuliza tutajuaje kama kimesaidia. Nikamwonyesha daftari la mwalimu wa zamu, ambamo kila ugomvi huandikwa tarehe, mahali na majina. Tutahesabu mikondo yote miwili. Mwalimu wa hisabati, mtu nimpendaye kwa sababu hanipi nafasi ya kupumua, akasema kwamba mikondo miwili ni michache mno kuthibitisha lolote, na zaidi ya hayo, wote huchota maji pampu moja: mkondo A ukijifunza kuomba, mkondo B nao utaombwa, na ulinganisho wetu utaharibika.

Nilimwambia kwamba huo ni uharibifu ninaoweza kuuvumilia. Hakucheka. Anataka tushirikishe shule mbili jirani kabla ya kuanza, nami nataka tuanze Ijumaa hii. Mwalimu mkuu ametupa siku kumi za kukubaliana. Wakati huo huo yule mvulana aliyesimamishwa amekwisha kurudi, na mwenzake bado ana plasta mkononi. Leo asubuhi niliwaona kwenye foleni ya maji, watu watatu kati yao. Jerikeni ya mwenye plasta ilikuwa imebebwa na mtu mwingine, na daftari la zamu la wiki hii lina ugomvi mmoja, wa vijana ambao siwafundishi.